Samaki wa Mnarani

Gari letu la kazi lilikuwa linanuka. Sisemi harufu ya jasho wala ya dizeli, hizo nimezizoea, mimi ni fundi wa minara na sijawahi kutegemea kunukia. Lilikuwa linanuka shombo. Ile shombo ya samaki aliyekaa, inayoshika kwenye kiti, ikahamia kwenye nguo, ukifika nyumbani paka wa jirani anakusindikiza mpaka mlangoni. Nikimwuliza dereva, ananiambia kuna abiria alimsaidia njiani. Abiria gani huyo anayesaidiwa kila wiki? Nikimwuliza msimamizi wetu, anacheka: “Dada, wewe umetoka milimani Ileje, pua yako imezoea kahawa.” Basi nikawa nafungua dirisha, navuta vumbi la Tunduma na moshi wa malori yanayosubiri kuvuka mpaka, na naona afadhali.

Kampuni yetu ilikuwa ndogo tu, imepewa kazi ya kutunza mitambo ya minara ya simu huku kwetu. Kazi nyingi zilikuwa Tunduma na barabara ya Vwawa, lakini kichwa kilituuma kwa sababu ya mnara mmoja bondeni, ukishateremka Msangano kuelekea Kamsamba, kule ambako joto linakupokea hata kabla hujashuka kwenye gari. Mtandao wa kijiji kile ulikuwa umeharibika kwa miezi. Siyo kwamba umekatika. Ungekatika, tungejua pa kuanzia. Unaongea na mtu vizuri, mara sauti inakwaruza, maneno yanavunjika vipande, kimya. Halafu inarudi kama vile hakuna kilichotokea.

Katika hali hiyo binti mmoja akajifungua kwenye zahanati ya pale, akaanza kutokwa damu. Muuguzi akapiga simu kuomba gari la wagonjwa. Ikapokelewa, sauti ikavunjika. Akapiga tena, ikavunjika tena. Aliyepokea alisikia “damu”, akasikia “haraka”, hakusikia ni zahanati ipi. Walipokuja kuelewana, gari likafika, binti alikuwa ameshafariki. Mtoto akabaki na bibi yake.

Sasa watu walitaka kujua nani wa kulaumiwa, na msimamizi wetu akawapatia mtu. Pale kijijini kulikuwa na mama mmoja mjane, mwenye kibanda cha kuchajia simu na kuonyesha mpira. Juu ya kibanda alikuwa amesimamisha mwanzi, na juu ya mwanzi kuna antena ya busta, kile kifaa cha kuvuta mtandao ambacho ukienda Nakonde, ng'ambo ya mpaka, unakipata kama unavyopata nyanya. Msimamizi alisimama pale mbele za watu, akainua macho, akatikisa kichwa kama daktari. “Huyu ndiye anayekunywa mtandao wenu,” akasema. Akapanda gari akaondoka.

Neno hilo lilitosha. Anakunywa mtandao! Watu wakaacha kumpelekea simu. Watoto wakakatazwa kupita mbele ya kibanda. Kanisani akikaa benchi, benchi linabaki lake peke yake. Kuna waliosema waziwazi kwamba yule ndiye aliyemuua binti. Mwisho wake mtendaji wa kijiji akatangaza mkutano: fundi aje apime, athibitishe mbele ya wote, halafu mama yule afunge kibanda na ahame kijiji. Ahame aende wapi, hakuna aliyemwuliza. Mume alizikwa pale, shamba lake la mpunga liko pale.

Fundi mwenyewe ndiye mimi. Msimamizi alinipigia, akaniagiza kama anamtuma mtoto dukani: “Kapime, sema ni busta, urudi. Usijifanye profesa.”

Nisidanganye, sikwenda na huruma yoyote. Mabusta ninayachukia. Pale Tunduma nimeshayashusha mengi kwenye mapaa ya watu, maana kweli huwa yanachafua simu za jirani, na wenye nayo huwa wabishi mno. Nilijua kabisa nitakwenda kumwambia yule mama: shusha hicho kidude chako. Lakini kupima ni kupima. Nikaanza asubuhi na mnara wa juu mlimani, upande wa Vwawa, ule unaopokea mawimbi kutoka bondeni.

Hapa naomba mnivumilie kidogo. Minara huongea kwa mawimbi, na wimbi halibebi sauti yako kama ilivyo, linabeba tarakimu. Tarakimu hizo zinaandikwa kwa kulisogeza wimbi mbele kidogo au kulirudisha nyuma kidogo katika mzunguko wake, na kulikuza au kulipunguza. Mnara wa pili kazi yake ni kutazama: limesogezwa kiasi gani? Hapo unajua tarakimu ni ipi. Kipimo changu kinayachora hayo kwenye kioo, vidoti vimejipanga safu kwa safu kama mahindi yaliyopandwa kwa kamba. Mambo yakiwa mazuri, kila kidoti kinatulia mahali pake. Wimbi likidhoofika, vidoti vinavimba, vinakuwa manyoya manyoya. Redio ya mtu mwingine, yaani mtambo wa kurusha mawimbi, ikiingilia njiani, kila kidoti kinageuka kiduara.

Asubuhi ile sikuona manyoya wala viduara. Vidoti vilikuwa vimevutika vikawa vipinde, vyote vimezunguka katikati, vya nje virefu kuliko vya ndani. Ni kama mtu ameibana karatasi katikati kwa kidole, halafu anaiyumbisha kushoto na kulia. Nikatazama weee. Vikayumba kwa muda, halafu ghafla vikatulia, kila kimoja mahali pake, safi. Nikanywa chai yangu. Vikaanza tena kuyumba.

Nikajisemea, ebo! Hii siyo busta. Kwanza busta ya yule mama inacheza na mawimbi ya simu za mkononi, haina habari na haya makubwa yanayopita juu, mnara kwa mnara. Na ingekuwa kuna kitu kinaingilia njiani ningeona viduara. Kipinde maana yake wimbi linatoka kule kwake bondeni likiwa tayari linatikisika. Ndani ya redio ya mnara kuna kidude kinachotoa mapigo, ndicho kinacholiambia wimbi lizunguke kwa mwendo gani. Kidude hicho kikitikiswa na kitu kinachonguruma karibu yake, wimbi zima linayumba, na huku juu tarakimu zinasomwa kombo. Tena kitu chenyewe kinawaka, kinapumzika, kinawaka. Kina mota hicho.

Nikampigia msimamizi. “Bosi, tatizo liko ndani ya chumba chetu cha mitambo, kule bondeni. Kuna kitu kinatikisa redio.”

Hakuuliza ni kitu gani. Akasema, “Nisubiri hapo hapo. Twende wote.”

Njia nzima alikuwa mtamu kuliko asali. Akaninunulia maji, akaniuliza habari za wazazi wangu Ileje, akanisifia kazi. Na gari linanuka vilevile. Tulipokaribia kijiji akaniambia kwa bahati mbaya chumba cha mitambo hatutaingia, ufunguo uko kwa mlinzi na mlinzi anaumwa, amelazwa. Tulipofika, mlinzi tukamkuta amekaa kwenye kivuli cha ukuta, mzima wa afya, mbele yake sahani ya ugali, anatafuna. Akaruka kusimama. “Karibuni, bosi! Shikamoo dada fundi!” Na ufunguo unaning'inia shingoni kama hirizi. Nikamnyoshea mkono tu, akanipa.

Nilipofungua ule mlango nilirudi nyuma. Jamani! Chumba cha mitambo kina kiyoyozi, ni sehemu pekee yenye ubaridi kijiji kizima, na ubaridi ule ulitoka mlangoni ukiwa umebeba uvundo wa kila samaki aliyewahi kufa katika Ziwa Rukwa. Nilifunga pua kwa kitambaa cha kichwa. Kwenye kona, limebanana na kabati la redio, kulikuwa na friji la kugandisha, lile refu la kulala, jeupe zamani. Wamelifunga kwa waya wa seng'enge kwenye mguu wa kabati langu ili lisisogee. Limechomekwa kwenye umeme wa mnara, umeme ambao haukatiki kwa sababu una betri na sola na jenereta. Chini yake maji mekundu yalikuwa yametambaa mpaka kwenye mfereji wa nyaya, na humo kwenye nyaya, hebu fikiria, kulikuwa na funza. Funza wanene, wanajikunja juu ya nyaya zinazobeba simu za watu.

Nikaweka kiganja kwenye kabati. Lilikuwa linatetemeka. Nikafungua mlango wa redio, skrubu mbili za kuishikilia zilikuwa zimeshalegea kwa mtetemo wa miezi yote hiyo, na redio nzima inacheza kama jino bovu. Nikalichomoa friji. Likakoroma, likatulia. Nikachomeka kipimo: vidoti vimesimama. Nikalirudisha kwenye umeme, mota ikashika, vipinde hivyo hapo.

“Friji la nani hili?” nikauliza.

Mlinzi akamtazama msimamizi. Msimamizi akatazama saa yake.

Mheshimiwa msimamizi wetu alikuwa na biashara. Wavuvi wanamletea samaki, mlinzi anagandisha, gari la kampuni linapandisha Tunduma, Wazambia wananunua. Na jambo lililonichefua zaidi ni kwamba kijiji kizima kilikuwa kinajua. Walikuwa wanaliita “friji la mnara”, wanalisifia. Mchungaji alishagandisha humo nyama ya Krismasi. Mwenye harusi anapeleka soda. Kule bondeni, kwa joto lile, mwenye ubaridi anasaidia wenzake, ndiyo ustaarabu wao, na mlinzi alionekana mtu mwema kwa sababu hamnyimi mtu. Busta ya mjane ina antena, inaonekana, ina vitaa vinavyomulika, basi yenyewe ndiyo mbaya. Friji ni friji tu, nani atalishuku friji?

Msimamizi akanivuta pembeni, nyuma ya jenereta. “Dada yangu,” akasema, “tusikuze mambo. Kesho nalitoa hili, kimyakimya. Leo wewe sema ni busta. Atashusha antena, friji litakuwa halipo, mtandao utakaa vizuri, wananchi watafurahi. Nani atakuwa ameumia hapo?”

“Yule mama anahamishwa kijiji.”

“Aah, mtu wa kuonyesha mpira tu. Atafungua kwingine.”

Nimefanya kazi na wanaume wengi katika maisha yangu, wezi wa dizeli, walevi, wengine wenye mikono isiyotulia. Hakuna aliyenitia kinyaa kama huyu. Uso mkavu! Amesimama kwenye maji ya samaki wake, anamwangushia mjane jumba bovu, na ananitaka mimi nishike nguzo. Nilisikia mate yananijaa mdomoni. “Bosi,” nikamwambia, “usinisemeshe tena mpaka nimemaliza kazi yangu.” Nikamwacha pale, nikalichomoa friji, nikamweka mlinzi mlangoni asubiri nitakachomwambia.

Watu walikuwa wameshakaa mbele ya ofisi ya kijiji, mita chache tu kutoka mnarani. Mtendaji kwenye meza, wanaume kwenye mabenchi, wanawake chini kwenye mikeka. Yule mama wa kibanda alikuwa amekaa peke yake upande mmoja, kipande kikubwa cha ardhi kimeachwa wazi kumzunguka, kana kwamba ana ugonjwa. Alikuwa mwembamba, kanga ameivuta mpaka chini ya macho. Mbele kabisa alikaa bibi mwenye mtoto mchanga mgongoni. Sikuhitaji kuambiwa ni nani.

Mtendaji akanikaribisha. Nikasimama. Nikasema sitahutubia, nitawaonyesha. Nikamgeukia yule mama: “Mama, nenda kawashe busta yako.” Akanitazama kwa hofu, akafikiri ni mtego. Minong'ono ikapita. “Nenda mama, iwashe kabisa, na vitaa vyake vyote.” Akaenda, akaiwasha, akarudi.

Nikamwomba mtendaji apige simu kwa mtu wake yeyote Vwawa, aweke sauti ya nje. Akampigia shemeji yake. Shemeji akapokea, akaanza kulalamika kuhusu bei ya mbolea, na sauti yake ilisikika mpaka benchi la mwisho, neno kwa neno, hata kikohozi chake. Busta inawaka, antena iko juu, kila mtu anaiona. Watu wakatazamana.

“Mwambie aendelee kuongea,” nikasema. Kisha nikampigia mlinzi ukelele kule mlangoni: “Chomeka!”

Tukasubiri. Shemeji akahama mbolea akaingia kwenye madeni ya chama cha msingi cha wakulima. Msimamizi akaanza kucheka, “Mnaona, fundi wetu jua limemchosha.” Hakumaliza. Sauti ya shemeji ikakwaruza. Ikawa “che... ngi... nasema...” Ikawa mikwaruzo mitupu, halafu kimya.

“Chomoa!” nikapiga kelele. Mota ikazima. “...halo? Halo, shemeji, mbona unapotea?” Sauti safi kama mwanzo.

Nikawaambia wachague wenyewe mtu wa kwenda kusimama pale mlangoni ahakikishe hatuchezi mchezo. Wakamtuma mwalimu. Tukarudia. Ikatokea vilevile. Tukazima busta, tukachomeka friji: sauti ikavunjika. Nikawaeleza kwa maneno mepesi: friji linanguruma, linatikisa redio, redio ikitikiswa wimbi linayumba, na mnara wa mlimani hauwezi kusoma wimbi linaloyumba. Antena ya huyu mama haihusiki, na haijawahi kuhusika. Muuguzi wa zahanati alisimama bila kuombwa. Akasema, “Siku ile ilivunjika hivi hivi.” Akakaa, akajifunika uso.

Msimamizi alijaribu kusema neno. Mtendaji akamwambia, “Bwana, kaa chini.” Akakaa.

Na sasa nitakwambieni kitu ambacho mpaka leo nikikikumbuka nachefukwa. Mtu mmoja, mwanamume mzima na kofia yake, alinyosha mkono akauliza, “Sasa kama friji linazimwa, samaki waliomo itakuwaje? Si wagawiwe?” Na wengine wakaitikia, ndiyo, ndiyo, wataoza bure. Dakika ile ile! Mwanamke amekaa pale, wamemtenga kama kinyesi kwa kosa ambalo hakulifanya, hakuna hata mmoja aliyeinua mdomo kumwambia pole, na wao wanawaza kitoweo. Nilitaka kuwatukana. Nilifungua mdomo kabisa.

Bibi mwenye mtoto akanitangulia. Hakusimama, aliongea akiwa amekaa pale pale kwenye mkeka, kwa Kiswahili chake chenye lafudhi nzito ya Kinamwanga.

“Mwanangu fundi. Ni friji la huyu bwana?”

“Ndiyo, bibi.”

“Na siku ya binti yangu, lilikuwa linawaka?”

“Dakika ile siwezi kuijua, bibi. Lakini siku zote lilikuwa linawaka na kupumzika, hivi ulivyosikia. Kwa joto la huku, linawaka zaidi kuliko linavyopumzika.”

Akatikisa kichwa taratibu. Akamtazama msimamizi kwa muda mrefu, mpaka yule akainamisha macho.

“Huyu bwana alikuja msibani,” bibi akasema. “Alileta samaki. Ndoo nzima, wa baridi. Tukamshukuru sana, tukasema mgeni huyu ana moyo.” Akanyosha mkono kumwonyesha mama wa kibanda, bila kumtazama. “Na huyu naye alileta wali, ameubeba mwenyewe kichwani. Wali wake tuliwamwagia mbwa. Samaki tukala.”

Bibi akajishika tumbo. Nikaona mabega yanapanda, akageukia pembeni ya mkeka, akaanza kutapika, mtoto mgongoni akirushwarushwa na kulia.

Watu walikaa wanatazama. Mama wa kibanda aliinuka, akavuka ule uwanja waliomwachia, akapiga magoti. Akafungua fundo la kanga, akamtoa mtoto, akamlaza begani kwake. Mkono wa pili akamshika bibi paji la uso, akamshikilia hivyo mpaka alipomaliza.